Behewa la Kuchukulia Ngozi: Suala la Istilahi

Mfasiri wa Singida Mjini anayepewa waraka wa reli uhusuo usafirishaji wa ngozi na mifupa hukabiliwa na tatizo lisilomalizwa na kamusi peke yake. Singida ni mkoa wa wafugaji, na tawi la reli lililojengwa kutoka Manyoni liliuunganisha mji huu na Reli ya Kati, na hivyo na bandari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo tatizo lenyewe si geni hapa.

Aghalabu shehena hiyo hutafsiriwa kuwa "mabaki ya machinjio". Tafsiri hii haifai. Mabaki ni kitu cha kutupwa, ilhali ngozi ni bidhaa yenye bei na daraja, na mfugaji huitegemea. "Mazao ya mifugo" nayo ni pana mno, kwani maziwa na nyama vimo. Twapendekeza "mazao ya ziada ya machinjio" kwa jumla. Lakini katika hati ya mzigo ni heri kutaja kitu chenyewe: ngozi mbichi, ngozi kavu, ngozi ya chumvi, mifupa, pembe, kwato, shahamu.

Sasa behewa lenyewe. "Behewa la ngozi" ni fupi, ila kihusishi -a kina utata: kiatu cha ngozi kimetengenezwa kwa ngozi. (Kweli, hakuna adhaniaye kuwa behewa la mafuta limeundwa kwa mafuta, lakini sheria haiandikwi kwa kutegemea busara ya msomaji.) "Behewa la kuchukulia ngozi" halina shaka.

Kosa kubwa zaidi ni neno "maalumu". Huko Marekani makampuni ya reli yalitenga mabehewa makuukuu yaliyofungwa pande zote, yakayaandika ubavuni kuwa ni ya ngozi tu, kwa maana harufu na majimaji yakishapenya mbao za sakafu, behewa halifai tena kwa unga wala nafaka. Tena vijidudu vya kimeta huweza kudumu miaka mingi katika ngozi na mifupa ya mnyama aliyeugua. Mfasiri akiandika "behewa maalumu", karani atafikiria behewa la heshima, la viongozi pengine, wala hatazuiwa na neno hilo kulipakia mahindi safari ya kurudi. Iandikwe "behewa lililotengwa kwa ngozi tu", na neno "tu" lisiachwe.