Kodi ya leo au kodi ya kesho?

Mwezi wa Februari mdogo wangu wa kike aliyeko Toronto alinipigia simu, benki imemganda kama ruba. Ndio msimu wenyewe. Wakanada wana siku 60 za mwanzo wa mwaka kuweka fedha katika akaunti ya uzeeni iitwayo RRSP, zikahesabiwa kwenye kodi ya mwaka uliopita. Karani amemwambia: weka dola 1,000, serikali itakurudishia 200.

"Kaka, hizo 200 ni za bure?"

Si za bure. RRSP, iliyoanzishwa mwaka 1957, haifuti kodi, inaiahirisha. Unachoweka huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, lakini siku ya kukitoa hutozwa chote, mtaji na faida yake. Akaunti ya pili, TFSA, ilianza 2009. Humo unaweka fedha iliyokwisha kulipiwa kodi, na ukiitoa hudaiwi hata senti.

Tupige hesabu. Chukua dola 1,000 za mshahara, kodi asilimia 20. Ziweke zote RRSP, zizae ziwe 2,000, ukatwe 400: mkononi 1,600. Sasa lipa kodi kwanza, 800 ziingie TFSA, zizae vile vile: 1,600. Sawasawa kabisa! Basi la kuuliza ni lini kodi yako itakuwa ndogo. Mhandisi anayekatwa asilimia 40 leo na kutazamia 20 uzeeni, RRSP ni yake. Na mwajiri akikuongezea juu ya mchango wako, usimwachie.

Mdogo wangu si mhandisi. Anahudumia wazee, na mshahara wake uko ngazi ya chini ya kodi. Hapa ndipo karani aliponyamaza. Kanada, mzee wa kipato kidogo hupata nyongeza juu ya pensheni ya serikali, GIS, nayo hupunguzwa takriban senti 50 kwa kila dola ya mapato mengine. Fedha ya RRSP huhesabiwa kuwa mapato, ya TFSA haihesabiwi. Akitoa zile 2,000, hata kama kodi yenyewe haitamgusa, nyongeza yaweza kupungua 1,000. Kisa, 200 za ujana!

"Na nikirudi Tanga?"

GIS husimama ukikaa nje ya Kanada zaidi ya miezi 6. RRSP ikitolewa kwa mkupuo na asiye mkazi, kwa kawaida hukatwa asilimia 25. TFSA Kanada haiigusi, ila asiiongeze akiwa huku, maana adhabu ni asilimia 1 kila mwezi.

Mtego mwingine unatuhusu sana sisi wenye misiba na karo za nyumbani. TFSA ina kikomo, dola 7,000 kwa mwaka 2025, na nafasi usiyoitumia husogea mbele. Lakini aliyekwisha jaza nafasi yake yote, akatoa za mazishi mwezi wa Machi, asizirudishe Juni. Nafasi hiyo hufunguka tena Januari, na akiharakisha ni asilimia 1 ile ile kwa mwezi.

Amefungua TFSA. Shemeji, dereva wa lori mwenye mshahara mnono zaidi, aliweka RRSP. Marejesho yake ya kodi yamekwisha nunua tairi za theluji.