NS Savannah

NS Savannah ni meli ya Marekani iliyokuwa meli ya kwanza ya biashara duniani kuendeshwa kwa nishati ya nyuklia. Ilishushwa majini tarehe 21 Julai 1959 huko Camden, New Jersey, ikaanza safari zake mwaka 1962.

== Jina ==
Imepewa jina la SS Savannah, meli yenye matanga na injini ya mvuke iliyovuka Bahari ya Atlantiki mwaka 1819 kutoka mji wa Savannah, jimbo la Georgia, hadi Liverpool. Mji huohuo ndio asili ya jina la gazeti la Savannah Morning News, lililoanzishwa mwaka 1850. NS Savannah ilitia nanga mjini humo mnamo Agosti 1962.

== Historia ==
Rais Dwight D. Eisenhower alitaka meli hiyo ionyeshe kwamba nyuklia inaweza kutumika kwa amani. Joto la kinu chake lilichemsha maji, na mvuke uliopatikana ukazungusha mitambo ya kuisukuma meli.

Hata hivyo haikuleta faida. Ilichanganya abiria na mizigo, nafasi ya shehena ikawa ndogo, na mabaharia wake walihitaji mafunzo ya pekee. Iliondolewa kazini mwanzoni mwa miaka ya 1970, muda mfupi kabla ya bei ya mafuta kupanda sana mwaka 1973.

Mwaka 1991 ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa.