Jikoni Visiwani: Mapishi na Lahaja ya Wabajuni

Mwanafunzi wa Kiswahili akisikia neno ngumi hufikiria mkono uliokunjwa. Kwa Wabajuni, Ngumi ni kisiwa pia, kimojawapo cha visiwa vilivyopangana kusini mwa Kismayu, nchini Somalia. Makala haya yanaeleza jinsi mapishi ya visiwa hivyo yanavyohusiana na lahaja ya Kibajuni, yaani Kitikuu.

Mosi, kuna tatizo la maji. Ardhi ni ya matumbawe na maji ya visima aghalabu huwa na chumvichumvi. Si ajabu kwamba hata jina la Kismayu mara nyingi hufafanuliwa kuwa ni kisima iyuu, yaani kisima cha juu.

Pili, bahari haivuliki mwaka mzima. Kusi ikichafuka, vyombo hukaa pwani. Ndipo ng'onda inapofaa: samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani. Lakini ng'onda hudai maji ya kurowekea ili chumvi ipungue, na maji ndiyo adimu. Mpishi hodari humpika kwa tui la nazi bila kuongeza chumvi. Chumvi ya samaki hutosha chungu kizima.

Tatu, udongo ni haba, hivyo nafaka nyingi hutoka bara kwa mashua. Unga wa mtama uliochachuliwa hutengenezewa mkate wa mofa, unaobandikwa ndani ya tanuri ya udongo iliyokwisha kupata moto. Kuni za mara moja huivisha mikate mingi. Wasomali wa kusini nao wana mkate uitwao muufo, na ufanano wa majina unaonyesha jinsi majirani hawa walivyoishi karibu.

Sasa tutazame matamshi. Sauti t ya Kiswahili sanifu huwa ch katika maneno mengi ya Kibajuni: moto ni mocho. Ndiyo sababu kisiwa kimoja huandikwa Tovai na pia Chovai. Maji, kama ilivyo Lamu, huitwa mai. Kwa hiyo anayesimulia mapishi hutaja mai na mocho bila kuombwa mifano ya sarufi.

Eneo hili lilitoka mikononi mwa Waingereza kwenda kwa Waitalia mwaka 1925. Baada ya uhuru, Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 na kikawa lugha ya shule. Kibajuni kikabaki lugha ya nyumbani. Vita vya mwaka 1991 viliwakimbiza Wabajuni wengi hadi Kenya, na baadhi yao wakafika Ulaya. Huko Uingereza, waombaji hifadhi waliojitambulisha kuwa Wabajuni wamepimwa kwa matamshi yao na kwa maswali kuhusu maisha ya visiwani. Kijana aliyekulia Mombasa, kwenye maji ya bomba na jiko la mafuta, anaweza kukosa maneno ambayo mamake anayajua vyema. Kukosa huko hakuthibitishi kwamba wazazi wake si wa visiwani.

Kwa hiyo, walimu na wanafunzi wanaokusanya msamiati wasiishie kwenye orodha ya maneno. Mzungumzaji aombwe aeleze pishi zima, tangu kuwasha moto hadi kupakua. Kisha iandikwe umri wake, kisiwa alichotoka, na mahali alipoishi baada ya kuhama. Neno bila maelezo hayo ni rahisi kupotosha, na huenda likamdhuru mwenyewe.