Kujiandikisha Makazi Ugenini: Yampasayo Mwanafunzi Kuyajua



Ndugu wanafunzi, kila mwaka wapo miongoni mwenu wanaotuuliza habari za kwenda kusoma nje. Maswali huwa juu ya chuo, nauli na viza. Ni nadra kumpata anayeuliza: nikifika, nitaandikwa kuwa nakaa wapi? Tumeona tulieleze jambo hili, kwa sababu mgeni anaweza kuwa na viza halali na fedha za kodi mkononi, na bado akakwama kwa kukosa karatasi moja ya anwani.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Hapa Bagamoyo mtu akihamia hujitambulisha kwa mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji, maana siku atakapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya benki au kitambulisho cha taifa, huko ndiko atakakokwenda. Zanzibar humwendea sheha. Ila kwetu mjumbe anakujua kwa sura, na ukichelewa miezi sita atakulaumu kidogo kisha mambo yatakwisha. Ugenini hakuna anayekujua kwa sura. Kinachokujua ni daftari, na daftari lina siku zake.

Tutazame Ujerumani. Sheria yao ya uandikishaji, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2015, inamtaka anayehamia katika nyumba, awe mwenyeji au mwanafunzi mgeni, ajiandikishe katika ofisi ya manispaa ndani ya wiki mbili. Wenyewe huita Anmeldung. Anakwenda na pasipoti yake na hati ya mwenye nyumba iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, yaani maandishi kwamba fulani amehamia hapa tarehe fulani. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi.

Hapa ndipo mgeni hunaswa. Anapata chumba kwa mtu ambaye naye amepanga, na ambaye hataki jina jingine lionekane katika nyumba ile. Kodi anapokea, hati hatoi. Ni kweli sheria inamlazimisha anayepangisha kuitoa, lakini mgeni wa wiki mbili asiyejua lugha atamshitaki nani, na kwa fedha gani? Kwa hiyo swali la hati liulizwe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni. Akisita, tafuta chumba kingine hata kama kile ni rahisi.

Wapo wanaodhani dawa ni kuazima anwani ya rafiki. Hiyo si hisani. Asiyejiandikisha kwa wakati anaweza kutozwa faini hadi euro 1,000, na anayetoa anwani yake kwa mtu asiyekaa pale hadi euro 50,000. Tena ni kuandika uongo mbele ya serikali iliyokupokea, na mwanafunzi wa madrasa hahitaji kuelezwa hukumu ya uongo.

Katika fomu hiyo utaulizwa pia dini yako. Usiogope. Sababu yake ni kodi ya kanisa, ambayo wanachama wa makanisa yanayohusika hukatwa pamoja na kodi ya mapato, asilimia 8 au 9 ya kodi hiyo kutegemea jimbo. Mwislamu haimhusu, lakini asome vizuri kabla ya kutia alama.

Ukishaandikwa, bandika jina lako kwenye sanduku la barua pale mlangoni. Namba ya kodi kwa anayetaka kibarua huja kwa posta, na nyingi ya barua za ofisi vilevile. Jina lisipokuwepo, barua hurudi ilikotoka.

Wengi wenu tunajua mnaitazama Uturuki, kwa ajili ya ufadhili wa Türkiye Bursları. Huko mgeni huomba kibali cha kukaa, ikamet, kisha anwani yake huandikwa katika ofisi ya nüfus ndani ya siku 20 za kazi, na akihama hutakiwa kuarifu ndani ya muda kama huo. Anayekaa bweni hupewa barua na bweni, naye ana nafuu kubwa. Anayepanga mtaani huhitaji mkataba uliothibitishwa na noter. Lakini mwaka 2022 serikali ya huko ilifunga mitaa 1,169 isiandikishe wageni wapya, kwa kuwa wageni walikuwa wamezidi asilimia 20 ya wakazi. Dalali anaweza kukuonyesha nyumba nzuri katika mtaa wa namna hiyo, nawe ukalipa, ukakabidhiwa funguo, na ofisini ukakataliwa. Dalali ni dalali popote duniani. Jina la mtaa liulizwe ofisini kwanza.

Mahali pote jina liandikwe kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna desturi ya kutaja jina la baba na la babu, mara tukaacha moja, mara tukageuza mpangilio. Daftari la kwao litahesabu hao ni watu wawili.

Na siku ya kurudi nyumbani usiondoke kimya. Ujerumani anayehama nchi hufuta jina lake, kuanzia wiki moja kabla ya kuondoka hadi wiki mbili baada yake, akapewa karatasi ya kuthibitisha. Itunze pamoja na vyeti vyako, maana madai ya ada ya redio na televisheni, inayotozwa kwa kila nyumba, yanaweza kukufuata.