Fukusi wa mchikichi na jamaa zake

Ukisimama chini ya mchikichi ambao ua lake dume limechanuka, utasikia harufu tamu, mfano wa shamari, na kuona vidudu vyenye urefu wa milimita 3 au 4 vikisongamana juu yake. Ni fukusi. Wataalamu humwita Elaeidobius kamerunicus, jina lenye maana ya «aishiye katika mchikichi, wa Kameruni».

Jike hutaga mayai katika ua dume, na mabuu hujilisha humo linaponyauka. Ua jike nalo hutoa harufu ileile. Fukusi huvutwa, huingia mwili umejaa unga wa ua dume, hakuti chakula, naye huenda zake. Lakini unga umekwisha kubaki, na ngazi zitafungika. Zamani wengi walidhani ni kazi ya upepo! Huko Malaysia, ambako mchikichi ulipelekwa pasipo mdudu wake, vibarua walinyunyiza unga huo kwa mikono. Mtaalamu Rahman Syed akachunguza mambo haya Kameruni, na mwaka 1981 fukusi wetu akafunguliwa Malaysia; kazi ya mikono ikaachwa.

Basi ilipasa kwanza kumjua kwa hakika, maana maua hayohayo yana ndugu zake: plagiatus, subvittatus na singularis. Kadhalika ilipasa kuhakikisha kwamba hataharibu mimea mingine ya ugenini.

Je, na yule fukusi mkubwa, Rhynchophorus phoenicis, ambaye buu wake mnene huuzwa sokoni Kinshasa kwa jina la mpose? Naye hukaa mchikichini. Ana mdomo mrefu na papasi zilizopindika kama kiwiko. Hata hivyo, si ndugu wa karibu wa yule mdogo. Tazameni ncha nene ya papasi yake: sehemu ya mwanzo ni tupu na yang'aa, nywele fupi ziko mwishoni tu. Alama hiyo anayo pia fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, anayetoboa punje ghalani mwenu. Mpose na mharibifu huyo ni wa tawi moja. Wataalamu wengine hulifanya tawi hilo kuwa jamaa ya peke yake, Dryophthoridae. Wengine huliacha ndani ya jamaa kubwa ya Curculionidae, na mimi nawafuata hao. Fukusi wa maua yuko katika tawi jingine la jamaa hiyo, ingawa wao wawili hukaa mti mmoja.