Mkwaruzo Mdogo, Hasara Kubwa: Ufahamu Uzi wa Kioo Unaoleta Intaneti

Tuseme mkazi anachimba mtaro wa bomba la maji kando ya barabara ya Mombasa–Malindi. Jembe linagonga mkongo mweusi. Anautazama, anaona haujakatika, na intaneti bado inafanya kazi. Anaufukia na kuendelea. Miezi kadhaa baadaye, wakati wa masika, mtandao unapotea, na ofisi na maduka yanakosa huduma. Je, jembe la siku ile linaweza kuwa chanzo? Ndiyo.

Si wembamba unaoukata

Mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa mwaka 2009. Tangu hapo, sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya hupita chini ya bahari, kisha nchi kavu, ndani ya nyuzi za kioo. Uzi mmoja una unene wa sehemu moja ya nane ya milimita.

Wengi hudhani uzi huo hukatika kwa kuwa ni mwembamba. Sivyo. Uzi usio na dosari huhimili mvuto wa takriban kilo 6, kuliko waya wa kawaida wa chuma wa unene huohuo. Lakini mkwaruzo wenye kina cha sehemu moja ya elfu ya milimita hushusha nguvu hiyo hadi chini ya kilo 1.

Mwaka 1921, mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kuwa kioo huvunjika kuanzia kwenye nyufa ndogo, kwa sababu mvuto wote hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Fundi wa vioo analijua hili kwa vitendo: hachani kioo kizima, hukichora mstari mmoja tu, kisha hukikunja kikavunjika papo hapo.

Dosari hutoka wapi?

Nyingine hutoka kiwandani. Chembe ya vumbi au ya tanuri ikigandia kioo kikiwa bado moto, huacha sehemu dhaifu. Ndiyo maana uzi huvutwa mahali safi sana na kupakwa plastiki mara moja, kabla haujagusa kitu chochote. Kisha wote hupimwa kwa mvuto wa karibu kilo 1, ili sehemu dhaifu ikatike hukohuko kiwandani.

Dosari nyingine huja baadaye: jembe, trekta la kuchimba, meno ya panya, mkunjo mkali au kiungo kilichofanywa kwa mikono michafu.

Maji humaliza kazi

Ganda likipasuka, unyevu huingia. Pale kwenye ncha ya ufa, maji huvunja viunganishi vinavyoshikilia kioo, kimoja baada ya kingine. Ufa hukua polepole wakati uzi umevutwa au umekunjwa, hadi siku unapokatika wenyewe. Katika pwani yetu yenye unyevu mwingi, ganda zima ndilo kinga kuu.

Mwananchi, fanya hivi

- Kabla ya kuchimba kando ya barabara, uliza ofisi ya msimamizi wa wadi kama kuna mkongo. Angalia pia nguzo fupi za alama.
- Ukiugonga, toa taarifa hata kama haukukatika na mtandao uko sawa. Kubadilisha kipande kilichojeruhiwa mapema ni rahisi kuliko kutafuta mahali ulipokatika huku watu hawana huduma.
- Usiuvute, usiukunje, wala usiufunge kwa utepe na kuufukia.
- Vipande vya uzi ni kioo: huchoma ngozi na ni vigumu kuvitoa. Watoto wasivichezee.
- Usichungulie ncha ya uzi uliokatika. Mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kudhuru macho.

Kutoa taarifa siku hiyohiyo huokoa siku nyingi za kukosa huduma.