Kilwa Yauza Magofu, Vita Vimebaki Ghalani

Biashara ya malikale Kilwa Masoko huanzia gatini. Mgeni hulipia kibali, hupatiwa mwongozaji, kisha hupanda boti kuvuka hadi Kilwa Kisiwani. Huko ataoneshwa Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, na Gereza, ngome iliyojengwa juu ya masalia ya ile ya Wareno waliouteka mji mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida. Alasiri amesharudi bara. Kama ametoka kwenye meli ya kitalii, hata chakula atakula melini.

Hapo ndipo hesabu inapobana. Sifa Kilwa inazo: UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikayaondoa humo 2014 baada ya ukarabati. Siku hizi yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na meli ya kitalii ikitia nanga huwa habari ya taifa. Lakini meli inayoshusha watu asubuhi na kuwapakia jioni huacha kibali, nauli ya boti na ujira wa mwongozaji, basi. Mwenye nyumba ya wageni, mama lishe na kijana wa bodaboda hupata chao pale tu mgeni anapolala.

Alale afanye nini? Jibu liko bara, kwenye vita ambavyo mkoa wa Lindi unavyo kwa wingi na hauviuzi.

Karibu kabisa ni Kilwa Kivinje, mji wa misafara ya pembe na watumwa, kisha makao ya Wajerumani. Ni huko Kilwa walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 baada ya kuwasumbua kwa miaka. Ukipanda milima ya Matumbi unafika Nandete, ambako Julai 1905 wanakijiji waling'oa miche ya pamba ya serikali na Vita vya Majimaji vikaanza. Hakuna mwanafunzi wa sekondari nchini asiyefundishwa habari hiyo, ila mabasi ya shule yanakwenda Bagamoyo. Tena bidhaa yenyewe imeshakusanywa: kuanzia mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini wakiandika simulizi za wazee waliovikumbuka vita hivyo. Mwongozaji wa Nandete akipewa simulizi hizo, atakuwa na cha kusema kuliko kibao chochote.

Kusini zaidi, ndani ya Lindi, iko Mahiwa. Oktoba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza na ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalipigana hapo siku nne. Waingereza walipoteza askari zaidi ya 2,000, waliouawa na kujeruhiwa. Wengi walikuwa Waafrika, wakiwamo wa Brigedi ya Nigeria. Wajukuu wao wanasafiri, na sijaona anayewaalika.

Kenya imetutangulia. Hoteli za Taita huwapeleka wageni kwenye uwanja wa vita wa Salaita wa mwaka 1916, ziara ya asubuhi inayouza usiku mmoja wa ziada.

Kikwazo kikubwa kuliko matangazo ni barabara. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, na mgeni aliyekuwa amepanga safari akabaki alipo. Wakala wa utalii akishaungua mara moja, huuza Zanzibar.

Kwa hiyo makalavati ya Somanga ni suala la utalii sawasawa na Msikiti Mkuu. Na Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, badala ya kungoja meli, ianze na Kivinje: izishikize nyumba za kale kabla hazijawa kifusi, ifundishe vijana wa Matumbi kuongoza wageni, na ipime mwaka wake kwa idadi ya vitanda vilivyolaliwa.